Kutoka Kariakoo hadi Boma la Kale, kwa miguu na watoto

Kaskazini mwa Wales, juu ya mji mdogo wa Llangollen, kuna kilima chenye kimo cha zaidi ya mita 300, na kileleni pamebaki kuta zilizobomoka za ngome iitwayo Castell Dinas Brân. Mtawala wa Powys aliijenga katika miaka ya 1260, na mwaka 1277 walinzi wake wenyewe wakaitia moto ili isiangukie mikononi mwa jeshi la Edward wa Kwanza wa Uingereza. Haikutimiza hata miaka ishirini. Ukiipima kama ngome, ilishindwa kazi. Lakini zaidi ya miaka 700 baadaye, siku za mapumziko, familia huipanda kwa miguu kutoka mjini, wadogo mbele na babu nyuma akihema, na huko juu hakuna tiketi. Wengi wao hawafuati historia ya Powys. Wanafuata visa: eti jitu liliishi hapo, eti kikombe kitakatifu kiliwahi kufichwa humo, eti chini ya mawe kuna hazina na atakayeifukua ni mvulana mwenye mbwa mweupe mwenye jicho la rangi ya fedha. Mtoto aliyesikia kisa hicho cha mwisho huwezi kumwambia abaki nyumbani. Wenyeji wengine huiita ngome hiyo kwa jina la kunguru, na kwa kunguru, bila shaka, Dar es Salaam haina mpinzani.

Sikitaji kilima hicho ili tukiige. Nakitaja kwa sababu kinaonyesha jambo ambalo katikati ya jiji letu limesahaulika: gofu huishi kwa miguu ya watu wanaokaa karibu nalo. Sisi, tukitaka watoto waone historia, tunakodi basi. Tunawapeleka Bagamoyo kuona Kaole, au tunawavusha kwenda Mji Mkongwe, na mwenye uwezo zaidi anafika hadi Kilwa. Ni safari nzuri, lakini ni za mara moja, zinalipiwa, na zinamfundisha mtoto kimyakimya kwamba ya kale yako mbali na anapoishi. Mtoto wa Mtaa wa Sikukuu anaweza kumaliza darasa la saba akiwa amesimama mbele ya makaburi ya Kaole na hajawahi kuingia Boma la Kale pale Sokoine Drive, mwendo wa kama kilomita mbili kutoka kwao. Ninachodai ni kwamba mwendo huo wa Jumapili asubuhi, bure, mzazi na mtoto, ndio ulinzi wa kwanza wa kilichobaki cha mji wetu. Sheria, fedha za wafadhili na mabango huja baada yake, na bila yake havishiki.

Tuanze na sheria, maana ndiyo hutajwa kwanza kila panapozuka mjadala wa majengo ya kale. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja jengo lililojengwa kabla ya mwaka 1863. Lililojengwa baada ya hapo linahitaji kutangazwa na waziri mwenye dhamana. Kwa Kilwa au Kaole mpaka huo hauna tatizo. Kwa Dar es Salaam ni balaa, kwa kuwa mji wenyewe, ukiondoa kijiji cha Mzizima kilichoutangulia, ulianza kupandishwa kuta na Sultani Majid bin Said wa Zanzibar katikati ya miaka hiyohiyo ya 1860. Boma la Kale, moja ya majengo makongwe kuliko yote yaliyosimama mjini, ni la mwaka 1866 au 1867, yaani lilichelewa kwa miaka mitatu minne tu. Kwa hiyo karibu jiji zima limeangukia upande usiolindwa wa mstari, na kila jengo linasubiri kutetewa peke yake. Majengo kadhaa yametangazwa, ni kweli. Lakini tangazo katika Gazeti la Serikali ni karatasi, na karatasi inayoweza kutangaza inaweza pia kutangua. Siku mwekezaji anapoleta mchoro wa ghorofa ishirini, swali ni nani atakayepiga kelele. Hadi sasa waliopiga kelele ni wasanifu majengo, wanahistoria na wageni wachache, watu wa kuheshimiwa lakini wasiotosha kujaza hata ukumbi wa harusi. Wakazi wa Kariakoo, Gerezani na Upanga hawamo, na hawawezi kuwamo kwa jengo ambalo hawajawahi kuingia.

Na visa vya kuwavuta tunavyo. Majid alijenga kasri, nyumba ya wageni na majengo mengine mbele ya bandari, akitaka makao mbali na makelele ya Zanzibar na balozi zake. Mwaka 1870 akafariki, na inasimuliwa kuwa aliugua baada ya kuanguka ndani ya kasri lake hapahapa. Ndugu yake Barghash aliyerithi kiti hakuwa na hamu na mji huo. Akauacha. Kwa karibu miaka ishirini Dar es Salaam yenyewe ilikuwa gofu: kuta ambazo hazijamalizika, majani yameota, watu wachache wakilima na kuvua kando ya kasri tupu, hadi Wajerumani walipokuja na mwaka 1891 kuufanya mji makao makuu ya koloni lao. Mpe mtoto wa miaka tisa habari hiyo, ya mfalme aliyejenga mji akaanguka, na mdogo wake akauachia majani, halafu mwambie kwamba nyumba ya wageni ya mfalme huyo bado ipo, na tunaweza kuigusa kabla ya chai ya saa nne. Kasri halipo tena, lakini nyumba ya wageni ndiyo Boma la Kale. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kiasi kwamba mtoto akisimama kwenye dirisha anaenea ndani ya unene wa ukuta, na palipobanduka plasta huonekana vipande vya matumbawe yenyewe, na vitundu vidogo vilivyoachwa na viumbe vya baharini. Mlango wake wa mbao ni wa nakshi, wa kazi ileile ya Zanzibar.

Mwendo wenyewe unaanzia sokoni, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo tunapopuuza zaidi. Soko la Kariakoo lililofunguliwa mwaka 1975 lilichorwa na Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo Waafrika wa mwanzo kabisa katika Afrika Mashariki, na miavuli yake ya zege pale juu haikuwa mapambo: ilikinga mvua na kuteremsha maji. Moto wa Julai 2021 ulipoliunguza, nchi nzima ilizungumzia mizigo na mitaji, na ilikuwa haki. Ni wachache waliosema kuwa kazi kubwa ya sanaa ya nchi hii ilikuwa imeungua. Kabla ya soko hilo palikuwa na soko la wakati wa Mjerumani, na Mwingereza alipouteka mji mwaka 1916 alipageuza kambi ya wapagazi wa vita, ambao kikosi chao ndicho kilichoacha jina la Kariakoo. Ukiondoka hapo, soma vibao vya mitaa. Narung'ombe, Mahiwa, Tandamti: hayo ni majina ya mahali kusini mwa nchi ambako mwaka 1917, kati ya Julai na Oktoba, majeshi ya Waingereza na ya Wajerumani yaliuana, huku wapagazi wakibeba risasi, unga na majeruhi. Leo tunanunulia hapo vitenge, vipuri vya pikipiki na vyombo vya harusi, na neno Mahiwa kwetu ni mahali pa kupaki bajaji. Makumi ya maelfu ya wapagazi hawakurudi. Wengi waliuawa na njaa, kuhara na malaria kuliko risasi. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafikia 350,000, hasa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Kariakoo yote, kwa maana hiyo, ni kaburi lisilo na jiwe, na vibao vya mitaa ndio maandishi yake.

Kutoka hapo unafuata Mtaa wa Lumumba, ambako chama cha Waafrika kilichoanzishwa mwaka 1929 kilijenga ofisi yake, na ambako TANU ilizaliwa Julai 7, 1954. Mohamed Said, katika kitabu chake cha mwaka 1998 kuhusu Abdulwahid Sykes, alionyesha ni kiasi gani cha historia hiyo kilikuwa kikihifadhiwa katika vibaraza na sebule za Kariakoo kabla hakijaingia kitabuni. Unavuka Mnazi Mmoja, uwanja ulioachwa wazi na wakoloni ili kutenganisha mtaa wa Waafrika na Uhindini, ukageuzwa na wananchi kuwa uwanja wa Idd, Maulidi na mikutano. Unavuka Barabara ya Bibi Titi Mohamed, unapita Uhindini chini ya roshani zenye majina ya wenyewe na miaka ya ujenzi, kisha unateremka Barabara ya Morogoro hadi baharini. Boma lipo hapo. Hatua chache mbele, ukielekea Kanisa la Mtakatifu Yosefu, kuna Atiman House, nayo ya siku za Majid, iliyopewa jina la Adrien Atiman: mtoto aliyetekwa huko Afrika Magharibi, akauzwa utumwani, akakombolewa na mapadre, akasomea utabibu Malta na kuwatibu watu wa Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, tangu mwaka 1889 hadi alipofariki mwaka 1956.

Nimetaja Atiman makusudi, kwa sababu pingamizi la kwanza, na lenye uzito kuliko yote, ni kwamba majengo haya si yetu. Boma lilijengwa na sultani ambaye utajiri wake ulitoka kwenye mashamba yaliyolimwa na watumwa, likatumiwa na Wajerumani waliokuja na viboko, kisha na Waingereza. Kwa nini mtoto wa mama ntilie afundishwe kupenda nyumba ya wageni wa mtu aliyewauza babu zake? Jibu langu ni kwamba kumpeleka si kumfundisha kupenda. Ni kumpa mahali pa kuulizia. Ukuta wa matumbawe ulipandishwa na mikono ya watu, na mtoto akiuliza ni ya nani, mzazi amepata nafasi ambayo kitabu cha darasani hakimpi. Katika mtaa mmoja unampata sultani mwenye watumwa na mtumwa aliyekuwa tabibu. Tukiacha kuta hizo zianguke kwa kuwa zina aibu, aibu haitaondoka, itakachokosa ni ushahidi. Na anayedhani kubomoa ni kulipiza kisasi aangalie nini hujengwa badala yake: ghorofa la vioo lenye jina la Kiingereza na maegesho chini.

Ushahidi mwingine wa jambo hilo uko kwenye Sanamu ya Askari, dakika chache kutoka Boma, mahali ambapo hadi Vita ya Kwanza ilisimama sanamu ya Mjerumani Wissmann. Askari yule wa shaba, bunduki mkononi na singe imeelekea bandarini, amekaa hapo tangu mwaka 1927. Maandishi kwenye msingi wake, kwa Kiswahili pamoja na lugha nyingine, yanawaita wapagazi miguu na mikono ya jeshi, na yanamwahidi anayekufa akipigania nchi yake kwamba wanawe watalikumbuka jina lake. Hakuna hata jina moja lililoandikwa pale. Ahadi hiyo waliitoa wakoloni, na kuitimiza wakawaachia watoto, yaani sisi, ambao tunaizunguka sanamu hiyo kwa gari tukitafuta upenyo wa kuingia Samora. Mtoto aliyeanzia Mtaa wa Mahiwa na kuishia mbele ya sanamu hiyo amesoma hati ya mashtaka nzima, mwanzo hadi mwisho, bila mwalimu.

Pingamizi la pili ni la wanahistoria, na nalichukua kwa uzito. Visa hupotosha. Leo tutasema Majid alianguka kasrini, kesho mtu ataongeza kwamba alisukumwa, keshokutwa patakuwa na handaki la watumwa chini ya kila jengo lenye ngazi ya kushuka. Ni kweli, na uvumi wa mahandaki tayari unazunguka katika miji yote ya pwani. Lakini lugha yetu ina silaha ya zamani dhidi ya hilo: kwenye simulizi msimulizi husema inasemekana, wengine husema, wallahu aalam. Mtoto wa Kiswahili anakua akijua tofauti kati ya hadithi na habari. Wales hawana mwanahistoria anayeamini mbwa mwenye jicho la fedha, na hakuna aliyeomba kisa hicho kifutwe, kwa kuwa wanajua aliyepanda kilima kwa ajili ya hazina ndiye atakayeuliza, akifika juu, nani hasa alichoma kuta hizi. Hofu kubwa kwangu ni mji ambao hauna hata uongo wa kusimulia kuhusu majengo yake.

La tatu ni la wafanyabiashara wenyewe: Kariakoo ni mahali pa kutafuta riziki, watu wanatoka Lubumbashi, Lusaka na Moroni kuja kununua, na mwenye fremu hana muda wa matembezi. Hapa hoja inajijibu yenyewe mtu akiangalia kalenda ya mtaa. Watu wa Dar wanatembea sana na familia zao, wakipata pa kwenda. Siku za Idd watoto wenye nguo mpya hujaa Mnazi Mmoja. Jumapili familia hujibana kwenye pantoni kwenda Kigamboni kupunga upepo, na Coco Beach hujaa watu wanaokula mihogo ya kukaanga. Muda upo. Kinachokosekana ni mtu wa kuwaambia kuna pa kwenda ambapo hapahitaji nauli. Kuhusu jua na msongamano, sibishi: saa nane mchana wa Januari, kumtembeza mtoto kutoka Msimbazi hadi Posta ni adhabu, na wezi wa simu wapo. Lakini Jumapili saa moja na nusu asubuhi ni mji mwingine. Maduka mengi bado yamefungwa, barabara zinapumua, kivuli cha majengo bado kimelalia upande mmoja wa njia, na mwenye kuchoka anarudi kwa mwendokasi kutoka Posta ya Zamani hadi Gerezani. Njia ni tambarare kabisa. Bibi mwenye magoti mabovu anaiweza kuliko kilima chochote cha Wales.

Wapo pia watakaosema suluhisho ni utalii: wekeni geti, tozeni kiingilio, watalii wa meli walipe, jengo lijitunze. Sina ugomvi na fedha za wageni. Boma la Kale lenyewe lilikarabatiwa na kugeuzwa kituo cha urithi wa usanifu majengo kwa ushirikiano wa Chama cha Wasanifu Majengo Tanzania na wenzao wa Ujerumani, kwa fedha za Umoja wa Ulaya, na bila kazi hiyo pengine tusingekuwa na la kujadili. Ila mtalii huja mara moja katika maisha yake, na akisikia ugonjwa au uchaguzi wenye fujo haji kabisa. Jengo linalomtegemea yeye hufunga milango mwaka asipokuja. Mkazi wa Jangwani atarudi na mtoto wa pili, na wa tatu. Kiingilio kinaweza kuwapo kwa mgeni, lakini mtoto wa mjini asilipishwe hata shilingi, na mlango uwe wazi Jumapili, siku ambayo mzazi yuko naye.

Kwa nani tunapeleka maombi haya? Tangu Februari 2021, Ilala ndiyo Jiji la Dar es Salaam, kwa hiyo soko, Mnazi Mmoja, Boma na Sanamu ya Askari vyote vimo katika eneo la halmashauri moja. Haihitajiki kamati ya mikoa mitatu. Inahitajika njia ya miguu isiyokatika kwa magari yaliyopakiwa juu yake, miti michache kwenye vipande visivyo na kivuli, vyoo safi pale Mnazi Mmoja, na maelezo ya Kiswahili cha kueleweka, yenye herufi kubwa, yaliyobandikwa kwa kimo cha mtoto. Bunge nalo lina kazi yake, kuusogeza mbele mwaka 1863 hadi mahali ambapo Dar es Salaam itaingia ndani ya sheria, walau miaka mia moja kabla ya leo, ihesabiwe upya kila mwaka.

Linabaki suala gumu kuliko yote, la nyumba za Kiswahili za Kariakoo zenyewe, zile za vyumba sita, ukumbi katikati, uani nyuma na kibaraza mbele. Zimebaki chache sana, zimebanwa kati ya maghorofa, na familia zinazozimiliki zina kila sababu ya kuuza au kujenga. Siwezi kumwambia mjane mwenye kiwanja cha thamani ile abaki na bati lililooza ili watoto wa watu wengine wajifunze. Tena kuporomoka kwa ghorofa la biashara mtaani hapo Novemba 2024, na maisha yaliyopotea, kulitukumbusha kwamba usalama wa watu ndio wa kwanza katika ujenzi wowote. Lakini kibali cha ujenzi hutolewa na jiji, na jiji linaweza kuweka sharti dogo: mwenye kujenga apige picha na kupima nyumba anayoivunja, nakala ikabidhiwe Boma la Kale, na kwenye ukuta wa jengo jipya, kando ya mlango wa ngazi, paandikwe nyumba iliyokuwapo ilikuwa ya nani na kibarazani pake palikaa akina nani. Gharama yake ni ndogo kuliko bango la duka la simu, na ukubwa wake usizidi wa bango hilo.